Nani Aliogopa Pale Msibani

Siku ya gulio, Manundu haina njia. Wauza nyanya wamemwaga mali mpaka katikati, bodaboda wanapiga honi kama vile honi ndiyo inayosogeza watu, na harufu ya dagaa imekaa juu ya kila kitu kama kifuniko cha sufuria. Juu ya meza ya mbao, nyuma ya lundo la viatu vya mitumba, alisimama kijana mrefu mwenye fulana ya njano na sauti ya kuamsha mtaa. Aliitwa Ukasha Semboja, Mzigua wa Handeni, na siku hiyo alikuwa ameshawatania wateja wote isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa hamsikii. Alikuwa msichana mwenye gauni la kitenge cha kijani na ushungi mweupe, ameshika kiatu cheusi, anakikunja soli huku midomo inacheza.

"Watu watatu au zaidi," alikuwa anakiambia kile kiatu. "Nia ya pamoja. Mwenendo wa kutia hofu..."

"Dada, hicho hakijibu. Ongea na mimi."

Msichana akashtuka. "Nani kaongea?"

"Wewe. Umekitishia kiatu changu. Ona kilivyokunja uso."

Alitaka kununa, akashindwa, cheko likamtoka puani. "Una namba thelathini na tisa? Cheusi, kisicho na kisigino, kisichoteleza."

Ukasha alimtazama kuanzia ushungi mpaka kidole gumba. "Cheusi, hakina kisigino, hakitelezi. Ama wewe ni nesi, ama wewe ni askari."

"Kwa nini nisiwe nesi?"

"Nesi angeuliza bei kwanza."

Hapo msichana alicheka wazi, na Ukasha akajikuta ameshuka mezani bila kujua. Akamchagulia pea moja nzuri, akapiga magoti kumfunga kamba mwenyewe.

"Sasa afande, nikikupunguzia bei itaitwa rushwa?"

"Usiponipunguzia itaitwa wizi."

"Yallah! Basi nimeshakwisha."

Jina lake Munira, konstebo, kwao Hale, yuko Korogwe kwenye mafunzo ya askari kazini. Hayo yote Ukasha aliyajua kabla ya kufunga kamba ya mguu wa pili. Namba ya simu aliipata alipodai kwamba kiatu kikipasuka lazima ajulishwe.

Kiatu hakikupasuka, lakini simu ililia jioni ile ile.

"Kiatu kinaendeleaje?"

"Kimelala."

"Na mwenye kiatu?"

"Anasoma. Nina mtihani wa makosa dhidi ya utulivu wa umma."

"Nisomee na mimi basi, laazizi."

"Nani laazizi? Hata wiki hatujafikisha!"

"Nisomee na mimi, afande."

Akamsomea. Ndivyo mapenzi yao yalivyokua, mwanamke anakariri sheria simuni na mwanamume anamhoji kwa mifano ya sokoni. Wauza machungwa wakigombana stendi, hilo ni kosa gani? Wakipigana mahali pa watu wengi, je? Na wakitukanana tu? Jioni nyingine walitembea hadi darajani kuutazama Mto Pangani unavyokokota matope yake, wakila muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, na Ukasha akawa anawahesabu wapita njia.

"Yule mzee akisogea hapa tutakuwa watatu. Utatukamata?"

"Vipengele havijatimia, baba. Nia ya pamoja iko wapi?"

"Mimi nia ninayo. Sijui wewe."

Munira akageuka kutazama maji, lakini mkono wake haukutoka mkononi mwa Ukasha.

Siku moja pale pale darajani Munira alimwambia habari za babu yake. Alitoka Tabora akiwa kijana, akaletwa kukata mkonge, akapewa namba kabla hajaulizwa jina. Siku moja yeye na wenzake wawili waliacha mstari wakasimama mbele ya msimamizi kuomba maji ya kunywa. Watatu tu. Wakapigwa marungu, wakafungwa kwa kukusanyika.

Na hapa tuseme lililo kweli, kwa sababu wako wanaopenda tusahau. Sheria ya mkusanyiko usio halali haikutungwa ili mama auze vitumbua vyake kwa amani. Iliandikwa na watu wa kofia ngumu waliokuwa wakiona watu weusi watatu wamesimama pamoja wanaona vita. Bendera imebadilika, wimbo umebadilika, na hesabu ya watatu ipo pale pale. Lakini tuseme na hili pia. Ndani ya sheria hiyo hiyo kuna kizuizi ambacho wengi wanakiruka: kukusanyika peke yake si kosa. Wapo askari wanaokijua, na wapo wanaokiheshimu. Hao tunawashukuru, kwa sababu hakuna anayewapigia makofi.

"Na bado ukavaa sare?" Ukasha aliuliza.

"Bibi ndiye aliyenituma. Alisema, rungu litashikwa tu, nenda ukalishike wewe, ulishike taratibu."

Uso wa Ukasha ukachanua. "Kumbe wewe ni Mnyamwezi! Mtani wangu! Basi nimefurahi. Ukifa nitakuzika mimi."

"Unaanza kunizika hata hujanioa?"

Walicheka mpaka muhogo ukadondoka. Munira alidhani ni maneno ya kijana anayependa, basi. Alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi Hale, akasoma bweni, akaenda depo. Utani kwake ulikuwa mzaha wa mdomoni, wa kupitishia muda. Hakujua kwamba kwa Wazigua na Wanyamwezi ni kazi, yenye zamu na wajibu, na kwamba asiyeitimiza huonekana hana adabu.

Darasa lilikuwa Kilole, katika ukumbi wa kukodi wenye feni moja inayozunguka ikijisikia. Mwalimu alikuwa Mkaguzi Yordani, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo. Alikuwa hapigi kelele, na kwa sababu hiyo kila mtu alimsikiliza.

"Kosa lina vipengele," alisema. "Mkusanyiko usio halali: watu watatu au zaidi. Wana nia ya kutenda kosa. Au wana nia yoyote ya pamoja, lakini mwenendo wao unawafanya watu wa jirani waogope, na waogope kwa sababu za msingi, kwamba amani itavunjwa. Wakianza kuivunja kweli, watu wakaingiwa na hofu kuu, hapo ni ghasia. Kipengele kimoja kikikosekana, unarudi nyumbani na pingu zako."

"Afande, na wakitucheka?" aliuliza Kaleb, dereva, mcheshi wa darasa.

"Kukucheka wewe, Kaleb, kuna sababu za msingi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Munira hakucheka sana. Mwisho wa mafunzo kulikuwa na tepe za ukoplo, na alizitaka kwa moyo wote. Zoezi la mwisho lilikuwa doria upande wa Handeni, kila kiongozi wa kikundi, Munira akiwa mmoja wao, alete jalada moja la kesi ya kweli ya kuchambuliwa. Kiongozi asiye na jalada, asahau tepe.

Asubuhi ya doria simu ililia akiwa anafunga mkanda.

"Kipenzi, leo sipo sokoni. Naenda nyumbani, kuna msiba wa mtani."

"Pole sana, mpenzi."

"Mimi usinipe pole, wape wafiwa. Mimi naenda kufanya fujo."

"Haya, ukafanye fujo salama," Munira alisema akicheka, akakata.

Walizunguka mchana kutwa na jalada halikupatikana. Gulio lilikuwa limepoa, walevi walikuwa na adabu. Kaleb alianza kuimba. Difenda ikaacha lami ya Mkata, ikaingia barabara ya vumbi inayopita kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, na mbele kidogo ikakuta njia imefungwa.

Gogo lilikuwa limelazwa katikati. Nyuma ya gogo, jeneza liko chini. Vijana na wanawake watu wazima waliojipaka majivu walikuwa wakiwacharaza waombolezaji kwa miiko, wakiwakimbiza, wakiwanyang'anya kofia. Shehe alisimama pembeni akijifanya anatazama saa. Na juu ya gogo lenyewe alikuwepo mtu mrefu aliyevaa koti la marehemu, sufuria iliyotoboka kichwani, mkongojo mkononi, anakohoa kizee.

"Mimi ndiye Jabiri!" alipiga kelele. "Mchoyo mkuu! Nimekufa na chai mdomoni nisije nikawaachia! Hamnipitishi hapa mpaka mlete jogoo, Wanyamwezi wachafu nyinyi!"

Munira aliijua sauti kabla ya uso. Mpenzi wake, aliyempigia magoti kumfunga kamba za viatu, yuko juu ya gogo anamtukana maiti.

Ukasha naye alimwona. Na uso wake, chini ya majivu yote yale, ukajaa furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyetamani uone jambo na mara ukatokea.

"Eee! Wanyamwezi wameleta jeshi! Wameona tunamtafuna Jabiri wao, wamemleta binti yao na pingu! Munira! Mzuri huyo, jamani! Mshikeni tumzike naye!"

Umati mzima ukaangua kicheko, waombolezaji kwa watani.

"Afande," Kaleb alisema, kichwa kimetoka dirishani, "huyu chizi unamjua?"

Askari wawili wa nyuma walimtazama Munira. Alizitazama sare zao, akayatazama yale majivu.

"Simjui," alisema.

Alishuka, akasimama wima, akatoa amri ya kutawanyika kama alivyofundishwa, kwa jina la Jamhuri, neno kwa neno. Akapigiwa vigelegele.

"Anajua!" alipiga kelele mama mmoja. "Mnyamwezi huyu anajua kutania! Ongeza!"

Kila alivyokaza sauti ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Mpaka alipofika kwenye gogo, akamvuta Ukasha chini, na pingu zikalia.

"Munira," Ukasha alisema kwa sauti ya chini. "Hizi zinabana kweli."

"Wewe, ingia garini."

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Bibi mmoja mwenye kanga nyeusi alinyanyua mkono. "Mnampeleka wapi? Hajamaliza!" Vumbi la difenda likameza maneno yake.

Ukasha alikaa nyuma na pingu zake. Lile koti la marehemu lilikuwa bado mwilini mwake.

Asubuhi iliyofuata Mkaguzi Yordani aliwakusanya wanafunzi kwenye ukumbi wa nyuma wa kituo cha polisi. Jalada la Munira ndilo lililokuwa nene kuliko yote. Mkuu wa kituo, mtu wa kitambi na haraka, alilishika kama mtu aliyeshika samaki mkubwa.

"Hii imekamilika," alisema. "Njia imefungwa, matusi yapo, maiti imewekwa juani. Jumatatu mahakamani. Konstebo, hizi ndizo tepe zako."

Kabla Munira hajajibu, mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia yule bibi wa kanga nyeusi, anahema, vumbi limempanda mpaka magotini.

"Naitwa Hamisa. Marehemu ni kaka yangu. Nimekuja kumfuata mtukanaji wetu."

"Shikamoo, bibi," alisema Yordani akimpa kiti. "Kwa hiyo wewe ndiye mlalamikaji?"

"Marahaba. Ndiye. Nalalamika mmemchukua."

Wanafunzi wakainamisha vichwa. Yordani akamgeukia Munira, sauti ile ile ndogo. "Konstebo, kesi ni yako. Muulize."

Munira alisogea. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemchukua."

"Ndiyo, bibi. Je, alikutukana?"

"Sana! Aliniita kibuyu kilichotoboka. Na alikuwa bado hajafika kwenye meno."

"Aliwazuia njia?"

"Alizuia. Mtani asipozuia, maiti inaondokaje kama mtu? Watani ndio wanaochimba, ndio wanaobeba. Tukiwa na nguvu za kulia tu, wao wana nguvu za kila kitu."

"Watu wa pale..." Munira akajirekebisha. "Wewe, bibi. Uliogopa?"

Bibi Hamisa alimtazama, na ukali ukamtoka usoni kidogo kidogo.

"Mwanangu, tangu kaka yangu akate roho nilikaa kama jiwe. Chozi halitoki, uji haupiti. Yule mtoto alipovaa lile koti akakohoa vile vile alivyokuwa anakohoa Jabiri, nikacheka. Nilipocheka ndipo nikalia. Nikalia, mama, mpaka nikaishiwa. Niogope nini? Ulipomchukua hakuna aliyejua la kufanya. Tulimzika kaka yangu kimya kimya, kama tunaficha kitu." Akajifuta kwa pindo la kanga. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Babu yangu alitoka Tabora. Alikuja Hale kukata mkonge."

Bibi alipiga makofi ya mshangao. "Ni wetu! Umemfunga mtani wako mwenyewe!"

"Haya, haya," alisema mkuu wa kituo. "Mila ni mila na sheria ni sheria. Jalada linakwenda. Konstebo, saini."

Watu wa namna yake tumewajua miaka yote. Hawana ubaya mkubwa. Wana haraka tu, na haraka yao imejaza mahabusu zaidi ya ubaya. Kalamu ilikuwa mezani. Zile tepe, kwa jinsi Munira alivyozitaka, alishajua hata mahali atakapozishonea. Na nyuma ya ukuta mmoja tu alikuwepo mtu aliyelala sakafuni akiwa na koti la maiti.

Munira alisimama mguu sawa.

"Afande, kosa halijatimia."

"Nini?"

"Watu walizidi watatu. Hicho kipo. Nia ya pamoja walikuwa nayo, ya kuzika, na kuzika si kosa. Wafiwa hawakuogopa, waliwangoja hao watu. Majirani walikuwa wanacheka. Nimetafuta aliyeogopa pale msibani tangu jana, afande. Ni mimi peke yangu. Na nilichoogopa ni kuchekwa mbele ya wenzangu. Hilo si sababu ya msingi. Kumkamata nilikosea mimi. Naomba aachiwe."

Kaleb alikuwa anatazama viatu vyake.

Mkaguzi Yordani alichukua jalada mkononi mwa mkuu wa kituo, taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu. "Mkuu, mwenye kesi amesema hakuna kesi. Mimi ni mwalimu wake na ninakubaliana naye. Nitaliandika hilo kwa jina langu."

Ukasha alitoka akipepesa macho juani. Bibi Hamisa alimshika mashavu, akamtukana kidogo kwa furaha, akaenda kumngoja getini. Munira alibaki uso kwa uso naye.

"Ukasha."

"Afande."

"Nisamehe. Sikujua utani ni hivyo. Wallahi sikujua."

"Hilo halijaniuma," Ukasha alisema. "Mtu asiyejua anafundishwa. Lakini nilisikia ulivyomjibu dereva wako. Mimi nilikuwa na sufuria kichwani, Munira, na bado nilikuita kwa jina lako."

Akavua koti la marehemu, akalikunja vizuri mkononi, akaondoka.

Tepe walipewa wengine. Kaleb alipata zake, akaona haya kuzivaa mbele ya Munira siku nzima. Munira hakuzililia. Alilia kwa sababu ya ile sauti ya mwanamke simuni, mchana na jioni: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Alikwenda Manundu, akakuta meza imefunikwa turubai. Jirani muuza mikoba akamwambia, "Mwenzio yuko Handeni, dada. Anasubiri kuanua matanga ya yule mzee."

Jioni hiyo akampigia mama yake, Bernadina, kule Hale.

"Mama, unaujua utani wetu na Wazigua?"

Kule upande wa pili redio ikazimwa.

"Nani kakuuliza?" mama alisema. Na alipokwisha kusikia habari yote, akasema, "Niambie siku. Tunakwenda wote."

Uwanja wa Mzee Jabiri ulikuwa umefagiwa, mikeka imetandikwa, masufuria ya pilau yanatokota kwenye mafiga. Munira alivaa gauni la zambarau na kanga mbili mpya, bila sare, bila kofia ya kujifichia. Watani ndio wapishi, na Ukasha alikuwa kwenye sufuria kubwa, jasho linamtiririka shingoni, mwiko mrefu kama kasia.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bernadina kwa heshima zote. Kwa Munira alipita kama anapita kwenye mti.

Bibi Hamisa aliona. Akamnong'oneza Munira, "Mtani akikutukana unaye. Akikunyamazia ndiyo mbaya. Fanya kitu, mtoto wa Tabora."

Munira alivuta pumzi. Akaenda, akabeba sinia zima la nyama lililokuwa kando ya Ukasha, akalikumbatia.

"Nani kampa Mzigua nyama?" alipaza sauti. Ikatoka nyembamba, akairudia. "Nani kampa Mzigua nyama? Leo halambi hata mfupa! Watu gani hawa, hata... hata kuku wao wanatembea wanaomba!"

Kicheko kimoja kilitoka pembeni, kingine kikafuata. Si mzaha mzuri sana, lakini ulikuwa wa kwanza wake. Watani wakamgeukia Ukasha wakingoja.

"Ukasha, jibu! Unatuaibisha!"

Ukasha hakuinua macho. "Sina la kumwambia. Simjui."

Uwanja ukapoa. Neno lile lilimfikia Munira lilipopaswa kumfikia. Akaliweka sinia chini. Akavua viatu, akaenda mpaka kwenye mkeka wa wazee, akapiga magoti.

"Wazee wangu, shikamooni. Hili sitalisema kwa utani. Siku ya mazishi mwenzangu aliniuliza kama namjua huyu. Nikasema simjui. Ulikuwa uongo. Namjua. Anaitwa Ukasha mwana wa Semboja. Ananiuliza kama nimekula kabla hajaniuliza kitu kingine chochote. Alifurahi kuniona pale barabarani kuliko mtu yeyote alivyowahi kufurahi kuniona, na mimi nikaona haya kupendwa na mtu aliyejipaka majivu. Nampenda. Nimemkosea mbele za watu, namwomba radhi mbele za watu."

Ukasha alisimama na mwiko wake hewani, macho yamejaa, hajui ayapeleke wapi. Wangebaki hivyo mpaka magharibi kama isingekuwa pua ya mama mmoja.

"Pilau linaungua!"

Ukasha aliruka, akatazama ndani ya sufuria, akageuka. Na ile sauti ya mezani Manundu ikamrudia yote.

"Mnaona? Mnaona watu hawa? Mnyamwezi hawezi hata kuomba msamaha bila kutia watu hasara! Kaja kaniunguzia pilau la wageni! Inuka hapo mchawi wewe, njoo ushike mwiko!"

Uwanja mzima ukalipuka. Munira akainuka akilia na kucheka, akaenda, akapewa mwiko, akapakwa masizi puani papo hapo. Na Ukasha alipomsogelea kumwonyesha jinsi ya kugeuza, alisema kwa sauti ya wao wawili tu, "Simu nitaiwasha leo."

"Usipoiwasha nitakuja mwenyewe."

"Basi siiwashi."

Wakati sahani zinapangwa, Bernadina alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Alikuwa Mkristo aliyeolewa na Mwislamu, sasa yuko katikati ya khitma, kitambaa chake cha kichwani cha rangi ya maziwa, mikono inapangusana.

"Mimi nina neno dogo," alisema. "Mume wangu, baba yake huyu, alizikwa Hale. Huyu alikuwa bweni, alifika wameshamfukia. Walikuja Wazigua siwajui hata kwa sura. Walichimba kwenye mvua. Walimtukana mume wangu mpaka nikacheka, na mimi nilikuwa nimekusudia nisicheke tena maishani. Kisha wakala, wakaondoka. Sikuwaambia kitu. Nimekaa na shukrani hiyo miaka yote sijui niipeleke wapi. Ahsanteni. Kama si nyinyi mliokuwepo, wafikishieni."

Wazigua wazee waliinamisha vichwa.

Ndipo Ukasha akanawa mikono, akaja akakaa kitako mbele ya Bernadina, miguu imekunjwa kama mtoto wa madrasa.

"Mama, namtaka huyu."

Bernadina alimpima juu mpaka chini, taratibu, machozi hayajamkauka. "Wewe? Mzigua? Muuza viatu vilivyovaliwa na watu?"

"Huyo huyo, mama."

"Mimi sina binti wa kumpa Mzigua." Akaiweka sawa kanga yake. "Lakini walete wazee wako Hale, niwaambie hivyo wenyewe. Na waje na njaa, maana nitapika."

Vigelegele vilipaa mpaka kuku wakakimbilia migombani. Pilau la juu, lililosalimika, walipewa wageni. Ukoko wote uliachiwa wao wawili waliousababisha, nao waliukwangua pamoja kwenye sufuria moja, wakigombania kila kipande.